Jan Marsalek na barua ambayo haikufika benki

Katikati ya Juni 2020, wakaguzi wa hesabu wa EY nchini Ujerumani, waliokuwa wakiikagua Wirecard, kampuni ya Kijerumani ya kupokea malipo ya kadi, walipata majibu kutoka benki mbili za Manila, BDO Unibank na BPI. Walikuwa wameuliza swali la kawaida kabisa, lile ambalo hata mkaguzi wa SACCOS ya walimu hulipeleka benki kila mwaka: je, salio hili liko kwenu?

Benki zikajibu kwa kukata maneno. Hati mlizoonyeshwa ni za kughushi. Wirecard si mteja wetu.

Salio lililokuwa likiulizwa lilikuwa yuro bilioni 1.9.

Tarehe 18 Juni Wirecard ikalazimika kutangaza kwamba wakaguzi wameshindwa kupata uthibitisho wa fedha hizo. Zilikuwa karibu robo ya mizania yote ya kampuni. Hisa zikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 60 siku hiyo hiyo, na ofisa mkuu wa uendeshaji, Mwaustria Jan Marsalek, akasimamishwa kazi. Aliwaambia wenzake anakwenda Manila kuzitafuta fedha. Jioni ya tarehe 19 akapanda ndege ndogo ya kukodi kwenye uwanja wa Bad Vöslau, kusini ya Vienna, akashukia Minsk, mji mkuu wa Belarusi. Hajawahi kusimamishwa mbele ya hakimu.

Tangu hapo jina lake limekuwa la ujasusi. Moscow, mamluki, pasipoti za bandia, jumba la kifahari jijini Munich linalotazamana na ubalozi mdogo wa Urusi. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikizirudia habari zake, na kuna jambo limekataa kunitoka: karibu kila anayemsimulia Marsalek huanza na ujasusi, halafu ile barua ya benki anaipa sentensi moja.

Naona tumeanzia mkiani.

## Kamisheni isiyoingia mfukoni

Ukilipa kwa kadi mtandaoni, fedha haziendi dukani moja kwa moja. Upande wako kuna benki iliyokupa kadi. Upande wa muuzaji kuna kampuni inayompokelea malipo. Katikati ipo mitandao kama Visa na Mastercard. Wirecard ilikuwa ya upande wa muuzaji: inapokea, inakata kamisheni yake ndogo, kinachobaki inampelekea mwenye duka.

Hatari ya kazi hii ni marejesho. Mteja akisema mzigo haukufika, au kadi yake ilitumiwa na mwizi, fedha zinarudishwa kwake. Kama muuzaji ameshafunga duka na kutoweka, hasara inabebwa na aliyempokelea malipo. Ndiyo maana katika biashara hii ni kawaida kuzuia sehemu ya fedha kama dhamana kwa miezi kadhaa. Jambo hilo ni halali na lina mantiki, na uongo ulipata pa kujificha kwa sababu ulivaa nguo ya kazi ya kila siku.

Wirecard ilisema kwamba katika nchi ambako haikuwa na leseni ilifanya kazi kupitia washirika. Watatu ndio walikuwa wakubwa: Al Alam Solutions ya Dubai, Senjo ya Singapore na PayEasy ya Ufilipino. Kwa mujibu wa vitabu, washirika hawa walileta karibu nusu ya mapato na sehemu kubwa ya faida ya kampuni nzima.

Kisha kikaongezwa kipengele kimoja. Kamisheni ya Wirecard haikulipwa Wirecard. Ilielezwa kwamba inawekwa kwenye akaunti za amana chini ya mdhamini, huko Asia, iwe kinga dhidi ya marejesho.

Fuata hatua zake pole pole. Mshirika anatuma taarifa ya miamala ya mwezi. Wirecard inaandika kamisheni yake kama mapato. Kamisheni "inawekwa" kwenye akaunti ya amana iliyo kwa jina la mdhamini. Mwisho wa mwaka akaunti hiyo inaingizwa kwenye mizania kama fedha taslimu. Hakuna hata hatua moja ambayo senti inapita kwenye akaunti inayosomwa na mhasibu wa makao makuu kule Aschheim.

Wakala yeyote wa fedha za simu anaijua tofauti hii. Kamisheni iliyoandikwa kwenye karatasi na kamisheni iliyoingia kwenye laini yako ni vitu viwili.

Oliver Bellenhaus, aliyeongoza kampuni tanzu ya Dubai, alijisalimisha Ujerumani mwaka 2020 na akawa shahidi wa upande wa mashtaka. Ameieleza mahakama ya Munich kwamba biashara ya washirika ilikuwa ya kubuni. Mkurugenzi mtendaji Markus Braun, aliyepandishwa kizimbani naye Desemba 2022, anakana. Anasema naye alidanganywa. Marsalek mwenyewe, kwa barua ya wakili wake mwaka 2023, alidai biashara ilikuwapo. Mfilisi wa kampuni, aliyefungua vitabu, hakuona dalili yake.

Uongo wa namna hii una tabia moja mbaya: haurudi nyuma. Ukiandika faida mwaka huu, mwakani lazima uandike kubwa zaidi, na salio la amana lazima livimbe sambamba nayo. Nadhani ndiyo sababu salio likafika bilioni 1.9. Hesabu za mwaka uliotangulia zilikuwa zinadai nyingine.

## Kuuliza benki kunavyofanyika

Kuthibitisha salio la benki ni kazi ya chini kabisa katika ukaguzi. Mara nyingi hupewa kijana aliyetoka chuoni. Ina kanuni yake ya kimataifa, namba 505, na roho yake ni sentensi moja: mkaguzi ndiye anayeshika barua mwanzo hadi mwisho.

Mkaguzi anaorodhesha akaunti zote, pamoja na zile zenye salio sifuri. Mteja anatia saini ya kuiruhusu benki ijibu. Kisha mkaguzi, si mteja, anaituma barua. Anaituma kwenye anwani aliyoitafuta mwenyewe, kwa kawaida idara ya makao makuu ya benki, asitumie ile aliyopewa na mhasibu wa kampuni. Jibu linarudi kwake moja kwa moja. Halafu analilinganisha na taarifa ya akaunti na miamala iliyofuata baada ya mwaka kufungwa.

Panapoharibika panajulikana. Mteja mwenye adabu anasema, "Usijisumbue, mimi napita benki kesho, nitakuletea." Au jibu linatoka kwa ofisa wa tawi ambaye hana mamlaka ya kusaini jambo la ukubwa huo. Au barua pepe ina jina linalofanana na la benki, lakini herufi moja imebadilishwa. Au kuna mtu wa kati, mwanasheria au mdhamini, na yeye ndiye anayejibu kwa niaba ya benki.

Kwa Wirecard ilikuwa hili la mwisho. Gazeti la Financial Times liliripoti Juni 2020 kwamba kwa miaka mitatu, 2016 hadi 2018, wakaguzi hawakupata uthibitisho wa moja kwa moja kutoka OCBC, benki ya Singapore iliyotajwa kushika fedha hizo. Walitegemea hati na picha za skrini zilizotolewa na mdhamini na kampuni yenyewe. Mwishoni mwa 2019 mdhamini akabadilishwa, na fedha zikaelezwa kuwa zimehamia Ufilipino.

EY imesema ilikutana na udanganyifu mkubwa uliopangwa kwa ustadi, wenye watu wengi katika nchi nyingi. Hilo ni kweli. Lakini mamlaka ya Ujerumani inayosimamia wakaguzi iliona makosa katika kazi yenyewe, na mwaka 2023 iliitoza EY ya Ujerumani faini ya yuro 500,000 na kuizuia kwa miaka miwili kuchukua kazi mpya za ukaguzi wa kampuni zenye maslahi ya umma.

Hapa ndipo huwa nakwama kila ninapofika. Mdhamini si benki. Picha ya skrini si benki. Mtu yeyote aliyewahi kufunga hesabu za chama cha kuweka na kukopa anajua hivyo.

## Tajiri anayekopa

Kulikuwa na dalili nyingine ambayo haikuhitaji hata barua.

Mwaka 2019 Wirecard ilichukua yuro milioni 900 kutoka SoftBank, kampuni ya uwekezaji ya Japani, kwa hati za mkopo zinazoweza kugeuzwa kuwa hisa. Mwaka huo huo ikauza hatifungani za yuro milioni 500. Ilikuwa pia na mkopo wa benki mbalimbali uliofikia yuro bilioni 1.75. Wakati huo huo vitabu vyake vilisema ina fedha nyingi mno zimetulia tu kwenye amana.

Jiulize kama mfanyabiashara: nani anakopa kwa riba huku ana mabilioni ambayo hayafanyi kazi?

Jibu la kampuni lilikuwa kwamba fedha za amana zimefungwa kama dhamana. Inawezekana, kwa kiasi. Lakini dhamana hupimwa kwa marejesho yanayotarajiwa, nayo lazima ifunguliwe mara muda wa malalamiko unapopita. Miamala ya mwaka juzi haihitaji kinga leo. Fedha zingepaswa kuanza kurudi nyumbani, kidogo kidogo. Hazikurudi. Na salio la ukubwa ule huacha alama: riba inayoingia, ada zinazotozwa, mazungumzo na benki kuhusu masharti. Mtu akizitafuta alama hizo na kuzikosa, amepata jibu kabla ya kuandika barua.

Mfilisi Michael Jaffé alieleza baadaye picha halisi. Ukiondoa biashara ya kubuni, Wirecard ilipata hasara ya yuro milioni 99 mwaka 2017, milioni 190 mwaka 2018, na milioni 375 mwaka 2019. Mikopo ndiyo iliyokuwa ikiilisha.

Kuna pia mkataba wa India wa mwaka 2015. Mfuko mmoja uliosajiliwa Mauritius ulinunua kampuni za malipo kwa takriban yuro milioni 37, na wiki chache baadaye Wirecard ikakubali kuzinunua kutoka kwa mfuko huo kwa bei inayoweza kufika milioni 340. Nani alikuwa mwenye mfuko? Ilibaki siri. Kwa sisi wa pwani hii Mauritius ni jirani, na mifuko ya uwekezaji iliyosajiliwa huko hupita mara nyingi katika mikataba ya Afrika Mashariki. Mifuko hiyo mingi ni halali. Swali la mwenye mali ni nani linastahili kuulizwa hata hivyo, na liulizwe kabla ya saini.

## Waliouliza wakageuziwa kibao

Mwanasheria wa ndani wa ofisi ya Singapore, Pav Gill, aliona nyaraka zilizoonyesha fedha zikizungushwa na mauzo yakitengenezwa. Akaliinua jambo hilo ndani ya kampuni mwaka 2018. Hatimaye nyaraka zikafika Financial Times, na mwandishi Dan McCrum akaanza kuzichapisha Januari 2019.

Wakati huo Wirecard ilikuwa imeingia miezi michache tu kwenye DAX, iliyokuwa orodha ya kampuni 30 kubwa za soko la hisa la Ujerumani, ikichukua nafasi ya Commerzbank. Ilikuwa fahari ya taifa.

Februari 2019 msimamizi wa masoko, BaFin, alipiga marufuku kwa miezi miwili kuuza hisa za Wirecard za kuazima, yaani kuazima hisa, kuziuza leo, na kuzinunua baadaye kwa bei ya chini ili uzirudishe na kubaki na tofauti. Aprili akawafungulia malalamiko ya jinai waandishi wenyewe, kwa tuhuma za kuyumbisha soko.

Nakasirika kila ninaposoma sehemu hii. Marufuku ile iliwaambia wawekezaji wadogo kwamba serikali imeshaangalia na imeridhika. Wengine walinunua zaidi. Uchunguzi dhidi ya waandishi ulifungwa Septemba 2020, zaidi ya miezi miwili baada ya kampuni kufilisika, na rais wa BaFin, Felix Hufeld, akaondolewa Januari 2021.

Kilichogeuza upepo ni shinikizo lililoilazimisha bodi ya usimamizi kuajiri KPMG ifanye ukaguzi maalumu. Ripoti ilitoka tarehe 28 Aprili 2020. KPMG haikusema kuna wizi. Ilisema imeshindwa kuthibitisha mapato ya washirika kwa miaka 2016 hadi 2018, kwa sababu hati zilizohitajika hazikupatikana. Baada ya sentensi hiyo, EY haikuwa na njia ila kuziuliza benki zenyewe.

## Urusi sasa

Hapa inabidi kutenganisha vyungu, kwa sababu habari za Marsalek huchanganywa zote katika chungu kimoja.

Chungu cha kwanza ni mahakama. Mwezi Mei 2025, mahakama ya Old Bailey jijini London iliwahukumu Wabulgaria sita waliofanya ujasusi kwa ajili ya Urusi kati ya 2020 na Februari 2023. Kiongozi wao, Orlin Roussev, alipewa miaka 10 na miezi 8. Ushahidi ulijaa ujumbe wa Telegram kati yake na Marsalek, makumi ya maelfu, na waendesha mashtaka walisema Marsalek ndiye aliyekuwa akiwapa kazi kwa niaba ya idara za ujasusi za Urusi. Waliwafuatilia waandishi Christo Grozev na Roman Dobrokhotov. Walipanga kwenda Stuttgart kunasa simu za wanajeshi wa Ukraine waliodhaniwa kufunzwa kwenye kambi ya Marekani, kwa kifaa kinachojifanya mnara wa simu: simu zilizo jirani hujiunga nacho, nacho kinachukua namba za utambulisho za laini zake. Katika nyumba ya wageni ya Roussev kule Great Yarmouth, pamoja na vifaa vingine, polisi walikuta simu 221, laini 495 na droni 11.

Chungu cha pili ni uandishi wa habari. Der Spiegel, Der Standard, ZDF na The Insider waliripoti Machi 2024 kwamba Marsalek aliunganishwa na ujasusi wa kijeshi wa Urusi tangu mwaka 2014. Zimeripotiwa pia safari zake nyingi za Urusi, ziara ya Palmyra nchini Syria pamoja na mamluki, na mipango yake Libya ya viwanda vya saruji na kikosi cha kulinda mpaka wa kusini. Ni kazi ya uchunguzi mzito, na naiamini sehemu kubwa. Lakini haijapita mahakamani.

Chungu cha tatu ni dhana, na ndicho kinachopendwa zaidi: kwamba Wirecard yenyewe ilikuwa mradi wa Moscow.

Nilianza nikivutwa na dhana hiyo. Inafariji. Kama adui wa nje ndiye aliyeijenga, basi wakaguzi, msimamizi wa masoko na wenye benki walishindwa na dola, na kushindwa na dola si aibu. Lakini tarehe zinaikataa. Kampuni ilianzishwa 1999. Marsalek aliingia mwaka 2000 akiwa na miaka 20, akapanda hadi bodi ya wakurugenzi watendaji mwaka 2010. Muungano unaodaiwa na Urusi ni wa 2014. Hakuna mahakama iliyosema Urusi iliiunda Wirecard, na kesi ya Munich ni ya udanganyifu wa hesabu na soko.

Ninachokiona mimi ni mpangilio wa kinyume. Mtu aliyekwisha kuzoea kwamba karatasi yake haiulizwi alikuwa tayari na kila kitu ambacho idara ya ujasusi ingekitamani: kampuni inayopitisha fedha mipaka yote, safari zisizohitaji maelezo, na wakuu wa usalama wa nchi yake waliofurahia kukaa naye. Ofisa wa zamani wa ujasusi wa Austria alichunguzwa kwa tuhuma za kumsaidia kutoroka. Ubovu wa hesabu ndio uliomfungulia mlango wa ujasusi.

Hili linabadilisha kazi ya kufanya. Ukimwona kama jasusi, unasubiri polisi. Ukimwona kama mtu wa karatasi zisizoulizwa, unarudi kwenye barua ya kanuni namba 505 na kuuliza ni nani aliyeishika.

## Siku mbili za Ufilipino

Baada ya Marsalek kutoweka, mfumo wa uhamiaji wa Ufilipino ulionyesha kwamba aliingia nchini tarehe 23 Juni 2020 na kuondoka kesho yake, kupitia Cebu, kuelekea China. Kwa muda ulimwengu ulimtafuta huko.

Ni mbinu ile ile ya amana. Tafuta mtu anayeaminiwa kuthibitisha, mwenye kiti na muhuri, umfanye aandike kwamba kitu kipo. Safari hii kitu chenyewe kilikuwa Marsalek.

Tofauti ni kwamba wizara ya sheria ya Ufilipino haikuishia kwenye rekodi. Maofisa walitazama picha za kamera za uwanja wa ndege. Hakuwamo. Walitafuta ndege ya Cebu kwenda China iliyotajwa. Haikuwapo siku hiyo. Tarehe 4 Julai waziri wa sheria, Menardo Guevarra, akatangaza kwamba rekodi zimeghushiwa na maofisa wa uhamiaji walioziandika watachukuliwa hatua.

Kutoka tarehe ya kuingia iliyoandikwa hadi tangazo hilo ni siku 11.